Kinga Kama Ngao, Kinga Kama Moto: Maelezo Kuhusu Tofauti za Kinga ya Mwili baina ya Jinsi ya Kike na ya Kiume

1.0 Utangulizi

Tangu miaka ya 1980, neno kinga limeenea katika Kiswahili kwa njia ya akronimu UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini. Akronimu hii imefanya kazi kubwa ya kuelimisha umma. Hata hivyo, imejenga pia dhana kwamba kinga ni kitu cha kupimwa kwa uchache na wingi tu: ikipungua ni maradhi, ikiongezeka ni afya. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo haitoshi. Ushahidi wetu ni tofauti za kinga baina ya jinsi mbili, ya kike na ya kiume, pamoja na nadharia zinazoeleza jinsi tofauti hizo zilivyozuka katika mageuko ya viumbe.

2.0 Hali Ilivyo

Kwa jumla, mwili wa mwanamke huitikia vijidudu na chanjo kwa nguvu zaidi kuliko wa mwanamume. Utafiti wa chanjo ya mafua uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kwamba wanawake waliopewa nusu ya kipimo walitengeneza kingamwili kwa kiwango kilichokaribiana na cha wanaume waliopewa kipimo kamili. Katika janga la UVIKO-19 lililoanza mwishoni mwa mwaka 2019, wanaume walioambukizwa walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Kifua kikuu nacho huwapata wanaume wengi kuliko wanawake, ingawa hapa uvutaji wa sigara na kazi za migodini vinachangia, na si maumbile peke yake.

Kauli iliyozoeleka kwamba mwanamke ni kiumbe dhaifu haiungwi mkono na takwimu hizi. Lakini kauli ya kinyume chake nayo si sahihi. Miongoni mwa watu wenye maradhi yanayotokana na kinga kuushambulia mwili wenyewe, takribani wanne katika kila watano ni wanawake. Kwa ugonjwa wa lupasi, ambao huweza kuathiri ngozi, viungo na figo, idadi hiyo hufikia karibu tisa katika kumi. Kinga ile ile inayomwokoa mwanamke na virusi ndiyo inayoweza kumgeukia.

3.0 Sababu za Karibu

Mwanabiolojia Ernst Mayr alipendekeza mwaka 1961 kwamba sababu za karibu, yaani namna mwili unavyofanya kazi, zitenganishwe na sababu za mbali, yaani historia ya mageuko iliyoufanya mwili uwe hivyo. Tuanze na sababu za karibu.

Kwa kawaida mwanamke ana kromosomu mbili za X, na mwanamume ana moja ya X na moja ya Y. Kromosomu ya X hubeba jeni kadhaa zinazohusika na kinga. Mwaka 1961 Mary Lyon alieleza kwamba katika kila seli ya mnyama wa kike wa jamii ya mamalia, kromosomu moja ya X hunyamazishwa. Sasa inafahamika kwamba unyamazishaji huo haukamiliki. Jeni iitwayo TLR7, inayosaidia kutambua virusi, hutoroka katika baadhi ya seli, ikafanya kazi kutoka katika kromosomu zote mbili. Aidha, utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba molekuli ya Xist, inayofanya kazi hiyo ya kunyamazisha, pamoja na protini zinazoambatana nayo, zinaweza kuchochea kinga kuushambulia mwili.

Sababu ya pili ni homoni. Testosteroni, ambayo wanaume wanayo kwa wingi, huelekea kuizuia kinga. Mwaka 2014 ilichapishwa taarifa kwamba wanaume wenye kiwango kikubwa cha homoni hiyo waliitikia chanjo ya mafua kwa udhaifu kuliko wenzao. Estrojeni, kwa upande mwingine, mara nyingi huichochea kinga.

4.0 Sababu za Mbali

Kwa nini uteuzi wa asili uliacha tofauti hizi zidumu? Jibu la kwanza linaanzia kwa A. J. Bateman. Mwaka 1948, akichunguza nzi wa matunda, alidai kwamba dume huongeza watoto kwa kuongeza wenzi, ilhali jike hafaidiki kwa kiasi hicho. Mwaka 2002 Jens Rolff aliitumia hoja hiyo kueleza kinga: idadi ya watoto wa jike hutegemea zaidi urefu wa maisha yake, hivyo kinga imara humlipa kuliko inavyomlipa dume. Ikumbukwe kwamba majaribio ya Bateman yaliporudiwa, matokeo yaliyotolewa mwaka 2012 yaliyatia shaka.

Jibu la pili lilitolewa na Folstad na Karter mwaka 1992. Walidai kwamba testosteroni hujenga mapambo ya dume, kama vile rangi na pembe, na wakati huo huo hupunguza kinga yake. Basi ni dume mwenye afya tu awezaye kuibeba gharama hiyo. Uchunguzi wa ndege na wanyama wengine umetoa matokeo yasiyolingana.

Jibu la tatu, la mwaka 2019, linahusu mimba. Mwili wa mama hauna budi kumvumilia mtoto ambaye nusu ya urithi wake ni wa baba, na wakati huo huo uwalinde wote wawili dhidi ya maradhi. Kwa mujibu wa nadharia hii, kinga ya kike imeumbika katika mazingira ya mimba nyingi. Pale mimba zinapokuwa chache, huweza kuzidisha ukali.

Hapa panahitajika uangalifu wa lugha. Ni rahisi kusema kwamba maumbile "yalimpa" mwanamke kinga "ili" amlinde mtoto. Kiunganishi "ili" hudokeza kusudio, na uteuzi wa asili hauna kusudio. Usemi sahihi ni kwamba waliokuwa na sifa hiyo waliacha wazao wengi zaidi.

5.0 Athari za Dhana

Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo ya surua yenye nguvu zaidi kwa watoto wachanga katika maeneo yenye hatari kubwa. Uchunguzi wa Guinea-Bissau, Senegal na Haiti ulibainisha kwamba wasichana waliopewa chanjo hiyo walikufa kwa wingi kuliko wasichana waliopewa ya kawaida. Pendekezo liliondolewa mwaka 1992. Sababu zake bado zinajadiliwa, lakini funzo li wazi: lililo zuri kwa wastani linaweza kuidhuru jinsi moja.

Dhana ya upungufu ina madhara pia katika chumba cha daktari. Mgonjwa wa lupasi anayeambiwa kwamba dawa yake "inapunguza kinga" husikia mwangwi wa UKIMWI. Mwandishi anamfahamu mgonjwa aliyeziacha dawa kwa hofu hiyo, akarudi hospitalini figo zikiwa zimeathirika.

6.0 Hitimisho

Kiswahili kina homonimu inayoweza kutusaidia. Kinga ya ngeli ya I-/ZI- ni hifadhi, kinga cha ngeli ya KI-/VI- ni kipande cha ukuni kinachowaka, kama katika methali isemayo "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo." Hatudai kwamba maneno haya yana asili moja. Tunachodai ni kwamba mwalimu wa afya anaweza kuyatumia kwa pamoja: moto wa jikoni ukizimika hatupiki, ukizidi nyumba huungua. Mgonjwa akielezwa kwamba dawa inautuliza moto, na si kwamba inampokonya ngao, ataelewa kwa nini ameze dawa ambayo jina lake linamtisha.