Kurusha tufe

Kurusha tufe ni mchezo wa riadha ambamo mshindani husukuma mpira mzito wa chuma kwa mkono mmoja ili uende mbali iwezekanavyo. Ni mmojawapo wa michezo minne ya kurusha katika Olimpiki, pamoja na kisahani, mkuki na nyundo. Wanaume walianza kushindana katika Olimpiki ya mwaka 1896 na wanawake mwaka 1948. Nchini Tanzania watu wengi huanza kulishika tufe shuleni, katika mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari.

Makala hii inaeleza namna anayeanza anavyoweza kujifunza mchezo huu, kwa mifano ya mazingira ya Morogoro na Milima ya Uluguru.

Kusukuma, si kutupa

Ingawa kwa Kiswahili tunasema "kurusha" au "kutupa", tufe halitupwi kama jiwe la kufukuzia nyani shambani. Kanuni zinataka tufe liguse shingo au kidevu, au liwe karibu navyo, na mkono usishuke kutoka hapo wala tufe lisipelekwe nyuma ya mabega. Mwanafunzi anayelipeleka nyuma na kulivurumisha hupata faulo hata kama limefika mbali. Tena huhatarisha kiwiko na bega lake, kwa sababu viungo hivyo havikuumbwa kuzungusha uzito mkubwa kwa ghafla.

Tufe na uwanja

Tufe la wanaume lina uzito wa kilogramu 7.26, yaani ratili 16 za Kiingereza, na la wanawake kilogramu 4. Vijana chini ya miaka 18 hutumia kilogramu 5 kwa wavulana na 3 kwa wasichana. Anayeanza asione aibu kutumia tufe jepesi zaidi, kwani tufe zito mno humfundisha mwili mbaya wa kurusha, ambao baadaye ni vigumu kuuondoa.

Mrushaji husimama ndani ya duara lenye kipenyo cha mita 2.135. Shule isiyo na duara la saruji inaweza kulichora kwa kigingi, kamba ya sentimita 106.75 na chokaa au majivu. Mbele ya duara huwekwa ubao wenye kimo cha sentimita 10, ambao mguu unaruhusiwa kuugusa kwa upande wa ndani tu. Mistari miwili ya eneo la kutua huanzia katikati ya duara na kutanuka kwa nyuzi 34.92. Haihitaji kifaa cha kupimia pembe: kwenye umbali wa mita 10 kutoka katikati, mistari hiyo iachane kwa mita 6, kwenye mita 20, iachane kwa mita 12.

Mjini Morogoro kuna uwanja wa Jamhuri, lakini kwenye miteremko ya Uluguru ardhi tambarare ni adimu. Hapo duara lisielekezwe bondeni. Kanuni hairuhusu eneo la kutua kuteremka zaidi ya mita 1 kwa kila mita 1,000 kuelekea tufe linakorushwa, kwa sababu mteremko huongeza umbali usio wa haki. Zaidi ya hayo, tufe linaloviringika kuelekea njia ya watu ni hatari.

Hatua za kujifunza

Maelezo haya ni kwa anayetumia mkono wa kulia. Wa kushoto abadilishe pande.

1. Kushika. Tufe likae kwenye mashina ya vidole vitatu vya kati, si kiganjani. Kidole gumba na kidole cha mwisho hulizuia lisianguke pembeni.

2. Kuweka. Libanwe shingoni chini ya taya, kiwiko kikiwa kimeinuliwa kando. Kiwiko kikianguka, tufe huteleza na mkono hugeuka kuwa wa kutupa.

3. Kusukuma ukiwa umesimama. Elekea mbele, miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega. Kunja magoti, kisha yanyooshe huku ukisukuma tufe juu na mbele. Rudia mara nyingi kabla ya kuendelea.

4. Mkao wa nguvu. Simama ubavu ukielekea mbele, uzito ukiwa juu ya mguu wa kulia uliokunjwa. Geuza kwanza mguu wa kulia, kisha nyonga, kisha kifua. Mkono ufuate mwishoni. Mguu wa kushoto ukazwe kama nguzo.

5. Mtelezo. Anza nyuma ya duara ukiwa umeipa mgongo sehemu ya mbele, teleza kwa mguu wa kulia hadi katikati, na uingie kwenye mkao wa nguvu bila kusimama.

Baada ya kurusha, mshindani husubiri tufe litue, kisha hutoka kwa nusu ya nyuma ya duara. Akitokea mbele, mrusho haupimwi.

Kwa nini miguu ni muhimu

Umbali hutegemea kasi ya tufe linapoachiwa, pembe na kimo. Tuchukue tufe lililoachiwa kwenye kimo cha mita 2, kwa pembe ya nyuzi 40 na kasi ya mita 9 kwa sekunde: bila kuhesabu upinzani wa hewa litafika mita 10.06. Kasi ikiwa mita 10 kwa sekunde, litafika mita 12.03. Kimo kikiongezeka kwa sentimita 10 kwa kasi ileile ya mita 9, faida ni takriban sentimita 8 tu. Pembe ya nyuzi 45, ambayo wengi huifikiria kuwa bora, ingetoa mita 9.92, kwa kuwa tufe huanza safari likiwa juu ya ardhi.

Basi kasi ndiyo yenye uzito, na misuli mikubwa ya kuizalisha imo mapajani na nyongani. Kijana mwembamba aliyezoea kupanda milima akiwa na mzigo anaweza kumshinda mwenye mikono minene asiyejua kutumia miguu.

Usalama

Tufe lisidakwe kamwe, wala lisirudishwe kwa kurushwa. Wote wasimame nyuma ya duara, na mtu aingie kwenye eneo la kutua kwa ishara ya mwalimu tu. Mkoani Morogoro maandalizi ya mashindano ya katikati ya mwaka huangukia majira ya masika. Tufe lililolowa lifutwe kwa kitambaa kila mara, na duara lenye tope lisitumiwe kwa mtelezo. Siku hiyo wanafunzi wafanye hatua ya tatu na ya nne pekee.

Mitindo na rekodi

Mmarekani Parry O'Brien aliueneza mtindo wa mtelezo na kushinda Olimpiki za mwaka 1952 na 1956. Mtindo wa mzunguko ulipata sifa mwaka 1976, Aleksandr Baryshnikov wa Umoja wa Kisovyeti alipofikisha mita 22. Rekodi ya dunia ya wanaume ni mita 23.56, ya Ryan Crouser wa Marekani (2023). Ya wanawake ni mita 22.63, ya Natalya Lisovskaya wa Umoja wa Kisovyeti (1987).

Afrika Mashariki inajulikana zaidi kwa wakimbiaji, kama Filbert Bayi wa Tanzania aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974. Hata hivyo, Julius Yego wa Kenya alijifunza mengi ya kurusha mkuki kwa kutazama video kwenye intaneti, akawa bingwa wa dunia mwaka 2015 kwa mita 92.72. Mkuki na tufe ni michezo tofauti, lakini mfano wake unaonyesha kwamba mbinu ya kurusha inaweza kujifunzwa hata pale ambapo makocha ni wachache.