Optometria: Jina la chuo pekee halitoshi

KILA matokeo ya KCSE yanapotangazwa, hawakosekani watahiniwa wanaovutiwa na optometria, yaani taaluma ya kupima uwezo wa macho kuona, kuagiza miwani na kutambua maradhi ya jicho kabla hayajafika pabaya. Baadhi huichagua kupitia KUCCPS pasi na kujua kwamba vyuo vinavyoifundisha havilingani, na kwamba tofauti hiyo hujitokeza baadaye, mhitimu anapomkabili mgonjwa au anapoomba kusajiliwa.

Kwanza ni kiwango cha cheti. Hapa nchini, Chuo cha Mafunzo ya Kimatibabu (KMTC) hutoa stashahada, ilhali Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, mjini Kakamega, hutoa shahada. Kwa majirani, kozi hiyo hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, na KCMC mjini Moshi, Tanzania. Stashahada huchukua muda mfupi zaidi, nayo si ya kudharauliwa. Hata hivyo, anayekusudia kuendelea hadi uzamili au kufundisha chuoni atalazimika kurudi darasani kutafuta shahada.

Swali linalostahili uzito kuliko yote, ambalo wazazi ni nadra kuliuliza, ni hili: mwanafunzi hupima wagonjwa wangapi kwa mikono yake mwenyewe kabla ya kufuzu? Retinoskopu ni chombo kinachomulika mboni na kumwezesha mpimaji kusoma mwendo wa nuru inayorejea kutoka ndani ya jicho. Matumizi yake hayafunziki ubaoni. Hupatikana kwa kurudiarudia, jicho baada ya jicho. Ni kweli kwamba mashine za kisasa hutoa tarakimu kwa sekunde chache, lakini kwa mtoto mdogo zaweza kupotosha. Mtoto akikaza macho kutazama ndani ya mashine, lenzi ya jicho lake hubadili umbo, na mashine ikaonyesha kwamba haoni mbali kumbe sivyo. Mpimaji asiyejua kuthibitisha tarakimu hizo atamvisha miwani isiyomfaa, na lawama zitamwendea mtoto akilalamika kuumwa na kichwa darasani.

Ndivyo ilivyo pia kwa glakoma. Maradhi haya huharibu neva ya jicho polepole, aghalabu bila maumivu, na uoni uliopotea haurudi. Mwanafunzi aliyeyaona katika picha za vitabuni tu si rahisi kuyatambua yanapoanza. Kwa sababu hiyo, inafaa kuuliza iwapo chuo kina kliniki yake, wanafunzi hupelekwa katika hospitali zipi, na wangapi hugawana chombo kimoja. Anayeweza kuwafikia wanafunzi wa mwaka wa mwisho ataelezwa mengi yasiyoandikwa katika vijitabu vya matangazo.

Wapo wanaoelekea ng'ambo. Nchini India, shahada ya optometria huchukua miaka 4, mwaka wa mwisho ukiwa wa mafunzo ya kazini. Afrika Kusini pia hufundisha kwa miaka 4. Marekani ina utaratibu wake: shahada ya udaktari wa optometria huchukua miaka 4, aghalabu baada ya shahada ya kwanza, kisha mhitimu hufanya mtihani wa bodi ya kitaifa na kuomba leseni katika jimbo analotaka kufanyia kazi. Gharama yake ni mzigo usiobebwa na familia nyingi za humu nchini.

Aidha, cheti hakivuki mipaka chenyewe. Baraza la Optometria Ulimwenguni limeigawa kazi hii katika ngazi 4, kuanzia utengenezaji na uuzaji wa miwani hadi kutibu maradhi ya jicho kwa dawa, na kila nchi huamua mtaalamu wake aruhusiwe kufika ngazi ipi. Hivyo, aliyefunzwa kuandika dawa kwingine huenda asikubaliwe kuziandika nyumbani, naye aliyesomea hapa hawezi kufungua kliniki Uingereza kabla ya kusajiliwa na baraza la huko.

Kabla ya karo kulipwa, basi, mwanafunzi anahitaji kupata kwa maandishi mambo mawili: kwamba kozi yenyewe, wala si chuo tu, imeidhinishwa, na kwamba orodha ya ada inajumuisha vifaa vya kupimia. Katika baadhi ya vyuo, vifaa hivyo hununuliwa na mwanafunzi mwenyewe.