Fundi wa chini ya manowari aliyekarabati kituo cha anga

Mafundi wa Nungwi wakitaka kulitengeneza jahazi hungoja maji yatoke. Chombo hulala ubavu mchangani, na fundi hupita mshono kwa mshono akitia kalafati kabla maji hayajajaa tena. Kituo cha Kimataifa cha Anga hakina pwani ya kulazwa. Kinazunguka dunia kwa mwendo wa karibu kilomita 28,000 kwa saa, na kikiharibika hutengenezwa hukohuko, kikiwa mwendoni. Watu wengi hudhani kazi hiyo ni ya marubani. Mimi naiona ni kazi ya wapiga mbizi, na ushahidi wangu ni Heidemarie Stefanyshyn-Piper.

Alizaliwa mwaka 1963 St. Paul, Minnesota, mji ulio mbali na bahari. Alisomea uhandisi wa mitambo katika chuo cha MIT, akaingia Jeshi la Wanamaji la Marekani mwaka 1985, kisha akapelekwa Panama City, Florida, kujifunza kupiga mbizi na kuopoa vyombo. Alikuwa miongoni mwa walioinasua Exxon Houston, meli ya mafuta iliyokwama pwani ya Oahu, Hawaii, na alisaidia kupanga jinsi ya kuiopoa Pacocha, nyambizi ya Peru. Baadaye alishughulikia ukarabati wa manowari zikiwa zinaelea, bila kupandishwa chelezoni. Huko mpiga mbizi hufanya kazi chini ya tumbo la chuma, haoni mbali, mikono imo ndani ya glavu, na kila spana imefungwa kamba isije ikapotea. NASA, shirika la anga la Marekani, lilipomchagua mwaka 1996, sehemu kubwa ya kazi ya mwanaanga alikuwa ameshaizoea.

Hewa nayo alikuwa akiijua. Bandarini kwetu Unguja yamelala mabaki ya HMS Pegasus, manowari ya Kiingereza iliyopigwa na Königsberg ya Wajerumani tarehe 20 Septemba 1914. Yako kina cha kama mita 40. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu, kwa hiyo anayefika pale anavuta hewa yenye mgandamizo mara tano ya ile ya Forodhani. Naitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa na mwili hauna kazi nayo, huyeyuka na kuingia kwenye damu na mafuta ya mwili. Akipanda polepole, hutoka kwa njia ya mapafu. Akikurupuka, hugeuka viputo mwilini: magoti na mabega huuma, miguu hufa ganzi, na wapo wanaopooza au kufa.

Sasa mtazame mwanaanga anayejiandaa kutoka nje. Ndani ya kituo hewa ina mgandamizo uleule wa Forodhani. Vazi lake, hata hivyo, hujazwa oksijeni tupu kwa mgandamizo usiofika theluthi ya huo, kwa kuwa likijazwa zaidi hukakamaa na vidole haviwezi kukunjika. Kuingia kwenye vazi lile, kwa upande wa damu, ni sawa na kupanda kutoka kilindini. Kinga ni ileile ya baharini: kuitoa naitrojeni mapema na bila pupa. Septemba 2006, katika safari ya chombo Atlantis, Stefanyshyn-Piper na mwenzake Joe Tanner walilala usiku mzima ndani ya chumba cha kutokea nje, hewa imeshushwa hadi kama asilimia 70 ya kawaida. Walikuwa wa kwanza kutumia njia hiyo kabla ya kutoka kwenda kufanya kazi. Mwanamaji aliyefundishwa kuisubiri damu yake hahitaji kubembelezwa alale humo.

Mazoezi ya kufanya kazi nje ya chombo hufanyika Houston, ndani ya bwawa lenye kina cha mita 12 na maji zaidi ya lita milioni 23. Mtu huvishwa vazi, akaongezewa vyuma na maboya mpaka asizame wala asielee, kisha akafanya kazi kwa saa sita. Mita 12 si kina cha kutisha. Ni kama pale ilipo Great Northern, meli ya kutandaza nyaya za simu iliyozama mbele ya Mji Mkongwe mwaka 1902, ambako wanaojifunza kupiga mbizi hushushwa.

Unguja tuliwahi kuwa karibu zaidi na mambo haya. Kwa makubaliano ya Uingereza na Marekani ya mwaka 1960, NASA ilijenga Tunguu kituo cha kufuatilia vyombo vya Mercury, mradi wa kwanza wa Marekani wa kupeleka watu angani. Chombo kilipotoka upande wa Kano, Nigeria, Tunguu ilikuwa na dakika chache tu za kuzungumza na mwanaanga na kupokea vipimo vya mwili wake kabla hajapotelea Bahari ya Hindi. Mmoja wa wanaanga waliopita hapo, tarehe 24 Mei 1962, alikuwa Scott Carpenter, rubani wa wanamaji. Siasa za Unguja wakati ule zilikitilia kituo kile shaka, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali ya Mzee Karume ilitaka kiondolewe. Kazi yake ikahamia Madagaska.

Carpenter naye aligeukia bahari. Mwaka 1965 aliishi siku 30 ndani ya SEALAB II, nyumba ya chuma iliyowekwa kina cha mita 62 karibu na La Jolla, California. Akiwa chini kule alizungumza na Gordon Cooper, mwanaanga aliyekuwa angani ndani ya chombo Gemini 5. Njia aliyoifungua ndiyo aliyoipita Stefanyshyn-Piper mwaka 2007, alipoongoza kikosi cha NASA kilichoishi siku 12 katika Aquarius, makao ya chini ya bahari huko Florida.

Lipo jambo ambalo maji hayafundishi. Baharini ukiachia kitu, maji hukipunguzia mwendo, nawe una nafasi ya kukidaka. Angani hakuna kinachokizuia. Tarehe 18 Novemba 2008, katika safari nyingine, Stefanyshyn-Piper na Steve Bowen, afisa wa nyambizi, walikuwa nje wakisafisha na kutia grisi kiungo kikubwa kinachozungusha mabawa ya sola ya kituo, ambacho vyuma vyake vilikuwa vikisagana. Pampu ya grisi ikavuja ndani ya mkoba. Alipokuwa akiifuta, mkoba mmoja wa vifaa ukaponyoka na kwenda zake. Watu wenye darubini waliuona kutoka duniani, na mwaka uliofuata uliungua ukirudi kwenye angahewa.

Wengi humkumbuka kwa mkoba ule, na naona hawamtendei haki. Alitoa taarifa papo hapo, akashirikiana na Bowen kutumia vifaa vilivyobaki, wakamaliza kazi waliyopangiwa siku ile. Katika safari hiyohiyo alitoka nje mara mbili zaidi. Kwa jumla alifanya kazi nje ya chombo mara tano, zaidi ya saa 33, akiunga, akifungua na kutia grisi. Mwaka 2009 aliondoka NASA akarudi Jeshi la Wanamaji.