Hereni za Silva na Siri Niliyomficha Mume Wangu

Mume wangu aliponizawadia hereni za silva siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu, nilimkumbatia mbele ya wahudumu wa hoteli bila aibu. Wiki ya pili masikio yakaanza kuwasha. Ya tatu yakavimba na kutoa maji. Unadhani nilimwambia? Thubutu! Nilizivaa tukitoka wote, nikifika ofisini navua, napaka mafuta ya mgando. Wifi yangu alishaniambia fedha hukinga husda, basi nikawa nawaza ni husda ya nani hii iliyonasa masikioni.

Daktari wa ngozi aliuliza swali moja: "Zina muhuri wa 925?" Hazikuwa nao.

Namba hiyo, mpenzi msomaji, maana yake fedha ni asilimia 92.5. Inayobaki mara nyingi ni shaba, kwa kuwa fedha safi ni laini mno. Shaba hiyo ndiyo huacha ukijani kidoleni, na weusi wa cheni ni fedha iliyokutana na salfa. Si uchawi, wala si damu chafu.

Mkorofi ni nikeli. Huchanganywa kwenye mapambo ya bei poa, na ile inayoitwa "silva ya Kijerumani" kwa kawaida haina fedha kabisa: ni shaba, nikeli na zinki. Jasho huitoa kidogo kidogo, inapenya ngozini, mwili unaikataa. Daktari alinibandika vipande vya majaribio mgongoni, nikakaa navyo siku mbili. Cha nikeli kikaacha wekundu. Mzio huu ukikupata, kwa kawaida unaishi nao. Hata kifungo cha jinzi kitakuwasha kitovuni! Ulaya walitunga sheria ya kuibana nikeli kwenye mapambo mwaka 1994.

Na fedha kuwa dawa? Ukweli nusu. Huua bakteria, ndiyo maana imo kwenye krimu ya vidonda vya moto. Lakini bangili haitibu baridi yabisi, na maji ya fedha ya kunywa yakwepe kabisa: yanaweza kuigeuza ngozi kuwa ya bluu-kijivu, na hairudi.

Nilimwambia tukiwa mezani. Alinyamaza, kisha akacheka kwa aibu: muuzaji alimwapia ni fedha tupu, naye akalipa bei ya fedha. Jumamosi tukaenda kwa sonara, safari hii nikachagua mwenyewe.

Zile za kwanza zimo kabatini, kwenye kisanduku chake. Sizivai, ila sijazitupa.