Jina Lililo Chini ya Kiti

Mzazi anaponunua baiskeli ya mtoto au kigari cha betri katika duka kubwa, hukutana na majina mawili: jina la duka, na jina lililochorwa ubavuni mwa kigari, ambalo mara nyingi ni la gari maarufu au la mhusika wa katuni. Jina linalomhusu zaidi ni la tatu, nalo huandikwa kwa herufi ndogo chini ya kiti au pembeni mwa boksi. Hilo ni jina la kampuni inayosambaza bidhaa.

Kampuni ya namna hii yaweza kuwa haina kiwanda wala duka. Huagiza bidhaa kwa viwanda vya ng'ambo, hulipia haki ya kutumia jina maarufu, kisha huuza shehena kwa maduka makubwa. Mpangilio huo hauna ubaya wowote. Taabu huanza pale kasoro inapojitokeza, kwa kuwa muuzaji humwelekeza mlaji kwa mtengenezaji, na mlaji hajui mtengenezaji ni nani. Wenye jina lililochorwa ubavuni, kwa upande wao, huenda hawajawahi hata kukishika kigari hicho.

Mfano ulio wazi unatoka Marekani. Mwezi Oktoba 1998, kampuni ya Fisher-Price na tume ya usalama wa bidhaa ya nchi hiyo walitangaza kurejeshwa kwa vigari vya betri vya Power Wheels vipatavyo milioni 10. Baadhi vilibeba jina la Jeep, vingine la Barbie. Zilikuwa zimepokelewa taarifa 700 hivi za vifaa vya umeme kupata joto kupita kiasi, na 150 hivi za moto; watoto 9 walikuwa wameungua kidogo. Wazazi walitakiwa kwanza watoe betri, kisha wavipeleke vigari kwenye vituo vya ufundi vilivyoteuliwa ili vifungwe vifaa vipya bila malipo. Mwaka 2001 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 1.1 kumaliza madai kwamba ilichelewa kutoa taarifa za kasoro hizo. Sheria ya huko huwataka mtengenezaji, mwagizaji, msambazaji na muuzaji wa rejareja, wote, watoe taarifa ndani ya saa 24 tangu wapate habari za kasoro inayoweza kuleta madhara makubwa.

Mlaji wa Tanzania anaguswa vipi? Vigari na baiskeli zilizotumika husafiri katika makontena ya mitumba, lakini tangazo la kurejeshwa halisafiri nazo. Boksi limekwisha kutupwa, na kijitabu cha maelekezo kimepotea. Kinachobaki ni lebo. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, kipindue kigari usome jina la kampuni, namba ya modeli na tarehe ya kutengenezwa. Matangazo ya tume ile ya Marekani hutafutwa bure kwenye intaneti kwa majina na namba hizo. Lebo ikiwa imekwanguliwa, ushauri wetu ni kukiacha kigari hicho, hata bei ikiwa nzuri.

Chaja inahitaji uangalifu wa pekee. Umeme wa majumbani Marekani ni volti 120, wetu ni volti 230. Chaja iliyoandikwa volti 120 pekee ikichomekwa hapa yaweza kuungua papo hapo, tena mara nyingi ni usiku, wakati watu wamelala. Chaja ya betri ya pikipiki si mbadala wake, hata kama waya zinaingiliana. Vivyo hivyo fyuzi: ikikatika mara kwa mara, inaeleza kwamba kuna hitilafu mahali, na fundi anayeiondoa na kuunga waya mtupu amekiondoa kinga kigari ambacho mtoto wako atakikalia.

Kwa baiskeli, shika breki ya mbele na uisukume mbele na nyuma. Uma wa mbele ukicheza au ukionyesha ufa kwenye maungio, mtoto asiipande.

Ununuapo dukani, dai risiti yenye jina la bidhaa na namba ya modeli. Risiti iliyoandikwa “toy” au “mchanganyiko” haitakusaidia baadaye. Kasoro ikitokea, malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inagusa pia usalama wa bidhaa, na Shirika la Viwango Tanzania kwa masuala ya ubora. Piga picha ya lebo na ya sehemu iliyoharibika. Chomoa betri, lakini usitengeneze wala kutupa chochote kabla bidhaa haijakaguliwa: kigari kilichokwisha kufunguliwa na fundi humpa muuzaji nafasi ya kudai kwamba kiliharibikia mikononi mwako.