Je, Wajua? Breki za kauri hudumu sana, lakini haziokoi fedha
Je, wajua kwamba breki inayodumu zaidi si lazima iwe nafuu zaidi? Tangu Porsche ilipoweka diski za kauri kwenye 911 GT2 mwaka 2001, wanaozipenda hutetea bei yake kwa hoja moja: hazishiki kutu, na barabarani zinaweza kutumika miaka mingi bila kubadilishwa. Ni kweli. Lakini kuziagiza pamoja na gari jipya hugharimu maelfu ya dola, fedha zinazotosha kununua diski za chuma na pedi zake mara kadhaa. Tena, diski moja ya kauri ikigongwa na kumeguka wakati wa kubadilisha tairi, akiba yote hupotea.

Wengine watasema kauri imeundwa kwa ajili ya mbio. Huko ndiko hasara inakozidi: joto kali la mizunguko mfululizo huunguza nyuzi za kaboni ndani ya diski, ndiyo maana madereva wengi wanaokwenda viwanja vya mbio hurudi kwenye chuma. Faida halisi ya kauri ni wepesi, takriban nusu ya uzito wa chuma. Anayeuthamini wepesi huo na aulipie. Anayetafuta akiba achague chuma.