Eti ukisoma Historia chuo utakula nini?



Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, mazungumzo nyumbani ni yaleyale. Wa PCB anaitwa daktari hapohapo kabla hata hajaomba chuo. Wa ECA anaambiwa benki zinamsubiri. Halafu wanafika kwetu sisi wa HGL na HKL, na hapo sura zinabadilika. "Chuo utachukua nini?" Ukijibu Historia kinapita kimya kidogo, kisha mjomba anakohoa: "Mwanangu, mambo ya wafu yatakulisha?"

Nimeulizwa hivyo mwenyewe, kwa hiyo hapa siandiki kama msomaji wa pembeni. Tatizo ni kwamba sisi tunaoitetea Historia tunakimbilia kusema asiyejua alikotoka hajui aendako. Msemo mzuri, lakini haulipi ada. Leo nitaleta mifano miwili ambayo haihitaji methali.

Kwanza tuelewane jambo moja. Historia ya sekondari na ile ya chuo zinafanana jina tu. Sekondari tulipiga msuli: sababu sita za hiki, athari tano za kile, Mkutano wa Berlin 1884 hadi 1885, unaenda kuyatapika kwenye mtihani, baada ya wiki yameyeyuka. Chuo maswali yanageuka. Nani kasema hivyo? Alikuwepo? Aliandika mwaka gani, akimwandikia nani? Na kitu gani hakukiandika? Hapo ndipo faida yote ilipo, na ndiyo inayobaki hata tarehe zikisahaulika.

Chukua Mlimani. Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza 1964, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Terence Ranger, Mwingereza aliyefukuzwa Rhodesia ya Kusini mwaka 1963. Enzi hizo vitabu vingi vilivyoitwa historia ya Afrika vilikuwa historia ya Wazungu wakiwa Afrika. Gavana kaja, gavana kaondoka. Kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, sehemu kubwa ya maandishi ilitoka upande mmoja: maofisa wa Kijerumani, wamisionari, na Gavana von Götzen mwenyewe, aliyetoa kitabu chake mwaka 1909. Yaani aliyepiga ndiye aliyeandika jinsi mwenzake alivyopigwa.

Mwaka 1968 idara ikaanzisha mradi wa utafiti wa Maji Maji, na wanafunzi wakaenda vijijini kuwahoji wazee. Hebu piga hesabu. Mtoto wa miaka 15 vita ilipoanza alikuwa na miaka 78 mwaka huo. Wangechelewa miaka 20 tu wangekuta makaburi. Mtafiti Mtanzania wa idara hiyohiyo, Gilbert Gwassa, alikuwa naye anakusanya shuhuda, na mwaka 1968 yeye na John Iliffe wakachapisha baadhi yake. Wazee walieleza pamba ya kulazimishwa, viboko vya maakida, na jinsi watu wa Nandete huko Umatumbi walivyoanza kwa kuing'oa pamba yenyewe Julai 1905. Pamba ikawa tangazo la vita.

Angalia tena idadi ya waliokufa. Ripoti ya Wajerumani ilitaja watu 75,000. Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000. Tofauti hiyo siyo kosa la kujumlisha. Wengi hawakufa kwa risasi, walikufa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto, na maiti ya njaa kwenye kijiji cha mbali haiingii kwenye daftari la ofisa wa jeshi. Huwezi kuliona hilo kama hujafundishwa kuuliza daftari liliandikwa na nani.

Na kitu kinachonifurahisha mie ni kwamba swali hilohilo liliwarudia watu wa Mlimani wenyewe. Nchi ilikuwa changa, kila mtu alitamani vita iliyounganisha makabila dhidi ya mkoloni, kwa hiyo hata maswali waliyoulizwa wazee yaliegemea huko. Wanahistoria waliokuja baadaye walirudi kwenye ushahidi wakaona mambo yenye mikunjo zaidi. Kitabu kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson mwaka 2010 kinaonyesha kwamba kila eneo lilikuwa na ugomvi na sababu zake. Wengine walipigana na Mjerumani, wengine walikuwa wanamalizana na jirani. Kwa hiyo somo hili halimwachi hata mwalimu wake.

Sasa utaniambia hayo ni ya vitabuni tu. Haya, twende Kenya, halafu London, mahakamani.

Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya walifungua kesi dhidi ya serikali ya Uingereza wakidai waliteswa kwenye kambi wakati wa Mau Mau, miaka ya 1950. Serikali ikajibu kwamba lawama hizo zilirithiwa na Kenya ilipopata uhuru 1963, na kwamba hata hivyo muda umepita mno. Waliokaa upande wa wazee, pamoja na mawakili, ni wanahistoria watatu: Caroline Elkins, David Anderson na Huw Bennett.

Elkins alianza utafiti huo miaka ya 1990 akiwa mwanafunzi tu wa chuo. Alipopekua nyaraka akakuta mapengo, mafaili ambayo kwa kawaida ya serikali yalitakiwa kuwepo hayapo. Mtu wa kukariri angeandika kile alichokikuta akachukua digrii yake. Yeye alitaka kujua yamekwenda wapi, akaenda Kenya ya Kati kuwahoji waliopita kwenye kambi zile. Kitabu kikatoka 2005 na kikapata tuzo ya Pulitzer 2006. Alishambuliwa sana, hasa kwa makadirio yake ya vifo, na wapo waliosema maneno ya wazee si ushahidi.

Anderson naye akaieleza mahakama kwamba kuna nyaraka zilizosafirishwa kutoka Nairobi kabla ya uhuru na hazikuwahi kufunguliwa kwa umma. Mwaka 2011 serikali ikakiri. Zilikuwa Hanslope Park, jengo lenye ulinzi mkali la Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza. Mafaili kama 8,800 kutoka makoloni 37, Tanganyika ikiwamo, na ya Kenya peke yake yalikuwa kama 1,500. Nusu karne yamekaa kimya, mpaka mtu aliyezoea kuuliza "nini hakipo hapa?" akauliza.

Tarehe 6 Juni 2013 William Hague, Waziri wa Mambo ya Nje, alisimama bungeni akatambua kwamba Wakenya waliteswa na akasema serikali yake inasikitika. Zikatolewa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, pamoja na gharama za kesi. Ukigawanya si hela ya kumtajirisha mtu. Na kesi nyingine, ya watu zaidi ya 40,000, ilianguka mwaka 2018, muda ukiwa ndio kikwazo. Lakini wale wazee walikuwa wameitwa waongo kwa miaka mingi, na kilichogeuza mambo ni faili.

Nisiwadanganye watu, tangazo la "anatakiwa mwanahistoria" mie sijawahi kuliona. Wengi wanaomaliza wanaelekea ualimu, na foleni ya ajira za ualimu tunaijua wote. Mjomba hapo ana hoja. Ila kazi ngapi ni za kusoma karatasi 40 zinazopingana na kutoa kurasa mbili za ukweli? Wakili anafanya hivyo, mwandishi wa habari, ofisa ardhi, mpelelezi, hata mtu wa kumbukumbu ofisini.

Chukulia mgogoro wa mpaka wa shamba, maana ndiyo kesi zetu huku. Mtu anatoa barua ya mwaka 1985 yenye muhuri wa Mkoa wa Njombe, kikao kizima kinatikisa kichwa kwamba mali ni yake. Aliyefundishwa kuuliza karatasi maswali atacheka, kwa sababu Mkoa wa Njombe umeanzishwa 2012. Au zile nukuu za Mwalimu Nyerere zinazozunguka WhatsApp. Hotuba ipi, wapi, mwaka gani? Tisa kati ya kumi mtumaji ananuna ukimuuliza.

Kuna kazi nyingine bado iko mezani. Pale Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, kuna kumbukumbu za utawala wa Kijerumani ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Nyingine zimeandikwa kwa mkono, kwa mwandiko wa kale ambao hata Mjerumani wa leo unamsumbua. Kilichomo humo kinahusu vijiji vyetu.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha kwa yaliyofanyika katika vita vile. Familia ya Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa 1906, ilikuwa inasubiri kichwa chake, maana inaaminika kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Steinmeier aliahidi kusaidia kukitafuta, lakini hakuweza kusema kiko wapi. Miezi michache kabla ya hapo Berlin walikuwa wametangaza kwamba, kati ya mafuvu zaidi ya 1,000 yaliyotoka Afrika Mashariki, matatu yameoanishwa kwa vipimo vya DNA na ndugu walio hai hapa Tanzania, Wachaga. Watu wamezoea kuzungumzia DNA, lakini huwezi kumpima kila mtu wa nchi nzima. Kwanza lazima mtu akae na madaftari ya makumbusho na maandishi yaliyo kwenye mafuvu yenyewe, ajue lipi lilitoka wapi na nani alilichukua, ndipo ijulikane ni mlango gani wa kwenda kubisha hodi.

Nimemsimulia mjomba habari hiyo. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Na hao wanaosoma hayo madaftari wanalipwa?" Nikamwambia ndiyo, wanalipwa. Akasema basi nimwonyeshe fomu kabla sijaituma.